Funguo za Mahabodhi ziwe mikononi mwa nani?

Februari 2025 watawa wa Kibudha waligoma kula huko Bodh Gaya, jimbo la Bihar nchini India. Dai lao ni kwamba hekalu la Mahabodhi, penye mti ambao Buddha anaaminiwa kupatia mwangaza chini yake, liendeshwe na Wabudha wenyewe.

Sheria ya 1949 imelikabidhi kwa kamati: Wahindu wanne, Wabudha wanne, mwenyekiti ni mkuu wa wilaya. Kwa hesabu ni nusu kwa nusu. Lakini sheria hiyohiyo ilisema mkuu wa wilaya asipokuwa Mhindu, serikali iteue Mhindu mwingine akalie kiti, na sharti hilo lilidumu hadi 2013. Zaidi ya miaka 60 mizani imeelemea upande mmoja!

Wahindu nao wana lao. Ubudha ulipofifia India, watawa wa Kihindu wanaomwabudu mungu Shiva walihamia hapo karne ya 16 na mkuu wao, mahanti, akawa mwenye mahali. Kwao Buddha ni mungu wao Vishnu katika umbo jingine, na familia zao huja kufanya pindadaan, ibada ya kuwaombea wazee waliotangulia. Aliyemwombea babu yake pale si mgeni, na sioni haki ya kumfungia mlango.

Ila kukaa mahali si sawa na kupatunza. Ashoka, mfalme Mbudha wa India, ndiye aliyejenga hapo kwanza, karne ya 3 kabla ya Kristo. Miaka ya 1870, hekalu likiwa limechakaa vibaya, aliyetuma mafundi ni Mindon, mfalme Mbudha wa Burma. Waingereza wakaja kuukamilisha ukarabati. Anagarika Dharmapala, Mbudha wa Sri Lanka, alifika 1891, akaumizwa na aliyoyaona, akaanzisha chama cha kulidai hekalu. Mwaka 1895 alijaribu kuweka ndani sanamu ya Buddha iliyotoka Japani. Watu wa mahanti wakamzuia, kesi ikaenda mahakamani.

Mimi nasimama na watawa. Masingasinga wa Punjab walipewa usimamizi wa mahekalu yao kwa sheria ya 1925, basi kwa nini Wabudha waombe kura kwenye patakatifu pao pakuu kuliko pote? Hofu ya Wahindu kufukuzwa ina dawa tayari: sheria ya 1949 inawahakikishia wao na Wabudha ruhusa ya kuingia kuabudu na kufanya pindadaan. Kifungu hicho kinaweza kubaki neno kwa neno hata kamati ikibadilishwa.