Mkongwe wa Zimamoto: Abaki Ndani ya Moshi au Asogezwe Nje?

Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma huvuma kana kwamba hauna mahali pa kupumzikia. Nyasi za kiangazi hukauka zikawa kama karatasi, na cheche moja kutoka kwenye jalala linalochomwa nyuma ya nyumba inaweza kuvuka uzio na kufika kwa jirani kabla mwenye jalala hajarudi na ndoo ya maji. Ni miezi ambayo askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambao wengi mtaani tunawaita faya kwa mkato, hulala na sikio moja wazi. Ni miezi ambayo pia hunirudisha kwenye swali ninalotaka kulipima hapa: askari aliyezima moto kwa miaka 20 au 25 aendelee kuingia ndani ya jengo linalowaka pamoja na vijana, au atolewe kwenye moshi apewe kazi nyingine? Wapo wanaoona kuwa kumtoa ni kuizika hazina angali hai, na wapo wanaoona kuwa kumwacha ni kumuua taratibu huku tukimpigia makofi. Nimezisikia hoja za pande zote mbili, na hakuna hata moja iliyo nyepesi.

Kwanza tuwatambue tunaowazungumzia. Sheria iliyoliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kama chombo kimoja cha kitaifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ni ya mwaka 2007. Kabla ya hapo huduma hiyo ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Kwa hiyo askari mwenye zaidi ya miaka 20 kazini alianza akiwa mtumishi wa halmashauri, na kama alianzia hapa Dodoma, basi alianza katika mji ambao ulikuwa makao makuu ya nchi kwa uamuzi wa mwaka 1973 lakini bado ukiishi maisha ya mji wa reli na soko. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na katika miaka michache tu ukazuka Mji wa Serikali wa Mtumba, ghorofa zikapanda, na mitaa ikatambaa hadi maeneo ambayo mkongwe huyu aliyajua yakiwa mashamba ya uwele na mtama. Anajua vichochoro vya Chang'ombe vilivyojengwa kabla ya kupimwa, anajua ni wapi gari kubwa litakwama na ni wapi mpira wa maji utalazimika kuvutwa kwa miguu. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye ramani yoyote.

Hoja ya kumbakiza ndani inaanzia hapo, lakini uzito wake mkubwa uko kwenye moshi wenyewe. Mtu wa kawaida akiuona moshi huona wingu jeusi. Askari mzoefu huona rangi yake, kasi yake, unene wake na namna unavyotoka: kama unapanda kwa utulivu, kama unasukumwa nje ya dirisha kwa nguvu, au kama unatoka na kurudi ndani kupitia upenyo wa mlango mithili ya mtu anayehema. Dalili hiyo ya mwisho humwambia kwamba ndani kuna joto kali lililokosa hewa, na kwamba anayefungua mlango huo kwa pupa atakuwa ameupatia moto hewa uliyokuwa ukiisubiri. Vivyo hivyo, gesi za moto zilizojikusanya chini ya dari zikifikia nyuzi joto 500 hadi 600 za Selsiasi, chumba kizima hulipuka kuwa moto kwa mara moja, na aliye ndani hana nafasi ya kutoka. Majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba chumba chenye samani za kisasa za sponji na plastiki kilifikia hali hiyo katika muda usiozidi dakika 4 hivi, wakati chumba chenye samani za zamani za mbao na pamba kilichukua karibu nusu saa. Kwa hiyo muda wa kufikiri umepungua mno, na anayeweza kuamua kwa kutazama mara moja ana thamani kuliko zamani.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto tangu miaka ya 1980, alitarajia kukuta watu wanaolinganisha njia mbili au tatu kabla ya kuchagua moja. Badala yake aligundua kwamba wazoefu hawalinganishi. Huitambua hali kwa kuwa wamewahi kuona inayofanana nayo, na uamuzi huja pamoja na utambuzi huo. Katika kisa kimoja alichosimuliwa, kamanda na watu wake walikuwa ndani ya nyumba wakimwagia maji moto uliodhaniwa kuwa wa jikoni, lakini moto haukupungua, sebule ilikuwa na joto kupita kiasi, na isitoshe moto ulikuwa kimya mno kwa joto kama lile. Akaamuru wote watoke bila kuweza kueleza kwa nini. Muda mfupi baadaye sakafu ikaporomoka, kwa kuwa moto halisi ulikuwa chini yao, katika chumba cha chini ya nyumba. Nyumba zetu nyingi hazina vyumba vya chini, lakini somo la ukimya ule linatuhusu moja kwa moja: kijana aliyetoka Chuo cha Zimamoto na Uokoaji kule Chogo, Handeni, hata awe hodari kiasi gani, bado hajaisikia mioto mingi kiasi cha kushtushwa na moto ulionyamaza.

Sasa tugeukie mwili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliochambua vifo vya wazimamoto kazini kati ya 1994 na 2004, ulikuta kwamba kazi ya kuzima moto yenyewe huchukua kati ya asilimia 1 na 5 tu ya muda wa askari kwa mwaka, lakini asilimia 32 ya vifo vilivyotokana na ugonjwa wa moyo vilitokea wakati wa kazi hiyo. Sababu yake inaeleweka hata bila maabara. Mtu ametulia kituoni, king'ora kinalia, mapigo ya moyo yanapaa ghafla, anavaa mavazi mazito na kubeba mtungi wa hewa mgongoni, anaingia mahali ambapo mwili unatoa jasho lisiloweza kukauka kwa kuwa mavazi yaleyale yanayozuia joto kuingia huzuia pia joto la mwili kutoka. Damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Mwenye umri wa miaka 25 huvumilia hali hiyo akakaa chini akanywa maji. Mwenye miaka 52, aliye na shinikizo la damu ambalo pengine hajawahi kupimwa, anaweza asiamke pale alipokaa.

Kuna pia adui asiyeonekana siku ileile. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, likitaja ushahidi wa kutosha kuhusu saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaozunguka mapafu. Sumu huingia kwa pumzi na hupenya ngozi pia, hasa shingoni na usoni, kupitia masizi yanayoganda kwenye mavazi. Hapa ndipo hoja ya kumwondoa mkongwe inapopata meno: kila moto anaouzima akiwa na miaka 50 unaongezwa juu ya mioto yote ya nyuma, na mwili hausahau hesabu hiyo.

Zipo pia sauti zinazosema kwamba uzoefu wenyewe huchakaa, na nadhani zinastahili kusikilizwa kuliko zinavyosikilizwa. Mkongwe alijifunza kwenye moto wa mkaa, mafuta ya taa na nyasi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo, maana yake mitungi ya gesi katika nyumba nyingi zaidi. Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni na kwenye mifereji, mahali ambapo jicho lililozoea kutazama darini haliendi haraka. Zimekuja betri za lithiamu, ambazo huweza kuwaka upya saa nyingi baada ya kuonekana zimezimwa. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi Dodoma na Singida hupitisha malori ya mafuta usiku na mchana, na sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka huku watu wakichota petroli, wakafa zaidi ya 100. Uzoefu wa miaka mingi usiopewa mafunzo mapya unaweza kumpa mtu uhakika mahali ambapo alipaswa kuwa na shaka. Sikubali, hata hivyo, kwamba hili linaufuta uzoefu. Linadai tu kwamba mkongwe naye arudi darasani.

Jambo gumu kuliko yote katika mjadala huu ni udugu wa kituoni, nao ndio unaopimwa kidogo zaidi. Askari wa zamu moja hupika pamoja, hula sinia moja, huamka kwa king'ora kimoja, na ndani ya moshi hawaingii mmoja mmoja. Kila mtu ana mwenza, na asiyeona chochote anajua tu kwamba mkono ulio begani mwake ni wa fulani. Watu walioshikana namna hiyo kwa miaka 15 wameshavuka kiwango cha wafanyakazi wenza. Huzikiana wazazi, huchangiana harusi za watoto, na huitana kaka na mjomba bila kuwa na undugu wa damu. Kumwambia mmoja wao kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa ofisini akikagua vyeti vya vizimia moto vya maduka, huku wenzake wakiondoka na gari, ni kumtenga na watu waliombeba. Wanaopendekeza uhamisho kwa kalamu tu hawajaelewa uzito huo.

Lakini udugu huohuo huficha maradhi. Mwenza anajua kwamba kaka yake anahema vibaya akipanda ngazi, na hasemi, kwa kuwa kusema ni kumsaliti. Mkongwe anajua kwamba kifua kinambana, na hasemi, kwa kuwa zamu ina watu wachache na akikaa kando kuna atakayeingia bila mwenza. Hata masizi yamegeuzwa kuwa nishani: koti lililofubaa kwa moshi huonekana kuwa la mwanaume wa kazi, na lililofuliwa huonekana kuwa la mgeni, wakati ukweli wa kitabibu ni kinyume chake. Naliheshimu pendo hilo kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kulisifu linapomfikisha mtu kaburini kabla ya pensheni.

Nikizipima pande zote, naona kosa liko katika namna swali linavyoulizwa. Tunaulizana kama mkongwe abaki au aende, kana kwamba kazi ya moto iko ndani ya jengo peke yake. Sehemu kubwa ya alicho nacho mkongwe ni macho na masikio, na moshi unasomeka vizuri zaidi ukiwa umesimama uani kuliko ukiwa umepiga magoti sebuleni. Fikiria gari lenye lita 5,000 za maji linalotumia mpira mmoja wa lita 400 kwa dakika: baada ya dakika 12 hivi tangi ni tupu, na katika mji ambao kiangazi chake ni kirefu kama chetu, mtu anayeijua dakika hiyo mapema ndiye anayeamua kama walio ndani watatoka na maji au bila maji. Mtungi wa hewa nao hutosha kwa takriban nusu saa, na hupungua kwa anayehema kwa hofu. Mtu wa kusimama penye pampu, kuhesabu muda, kutazama paa, na kuwa na mamlaka ya kuwaita wote nje bila kubishiwa na yeyote, huyo anapaswa kuwa mkongwe. Atolewe kwenye moshi, asitolewe kwenye zamu.

Hilo halitafanikiwa kama likiambatana na kupungua kwa posho au heshima, kwa kuwa hakuna baba wa watoto wanne atakayekiri kwamba moyo wake umechoka ikiwa ungamo hilo linakatwa kwenye mshahara. Upimaji wa moyo na mapafu kila mwaka uwe wa wote, kuanzia kamanda, ili usionekane kama mtego wa wazee. Na sheria ya fidia iangalie mfano wa jimbo la Manitoba nchini Kanada mwaka 2002, na Australia mwaka 2011, ambako saratani fulani zikimpata mzimamoto aliyetumikia miaka iliyotajwa, huchukuliwa kuwa zimetokana na kazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo mgonjwa habebeshwi mzigo wa kuthibitisha ni moto upi wa mwaka gani uliomdhuru.

Pingamizi zito linalobaki ni la vituo vidogo. Katika wilaya za mbali kama Kondoa au Mpwapwa, gari likiondoka na askari wachache, hakuna anasa ya kumweka mmoja nje akitazama, na pengine mkongwe ndiye dereva, ndiye mwendesha pampu, na ndiye wa kwanza kushika mpira. Nalikubali pingamizi hilo jinsi lilivyo. Huko mkongwe ataendelea kuingia hadi vijana wa kutosha waajiriwe, na kila anapoingia awe na mtungi uliojaa, barakoa inayokaa vizuri usoni, na koti la pili lililofuliwa linalomsubiri kituoni, ili lile lenye masizi lisipande naye kwenye kiti cha gari na kurudi nyumbani kwa watoto.