Chema chajiuza? Si kwenye fomu ya tathmini

Mwaka wa kwanza nilijipa tatu. Fomu ya tathmini ya utendaji kazi ilikuwa na alama moja hadi tano, na mimi, niliyelelewa na bibi wa "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", nikaona si adabu kujipandisha. Bosi aliitazama ile tatu, akasema "sawa", akaandika tatu yake pembeni. Kikao hakikufika dakika kumi, na karibu zote tulizungumzia ule usiku wa Novemba seva ilipolala.

Miezi iliyotangulia haikutajwa. Sikumlaumu sana bosi, maana hata mimi nilipojaribu kukumbuka nilifanya nini mwezi wa tatu, niliona giza tu.

Bibi alikuwa sahihi kuhusu sokoni. Nyanya nzuri inajiuza kwa sababu mnunuzi anaiona. Kazi ya mhandisi wa programu ikiwa nzuri haionekani kabisa, na ndiyo maana inaitwa nzuri.

Mwezi wa tatu huo, nilikuja kugundua baadaye, nilikuwa nashughulika na malipo yanayokatwa mara mbili. Mteja yuko kwenye daladala, analipia kwa simu, mtandao unasuasua, anabonyeza tena. Maombi mawili yanatufikia, pesa inakatwa mara mbili. Nilichofanya ni kuhakikisha kila malipo yanapewa namba yake ya kumbukumbu kabla hayajatoka kwenye simu. Ombi la pili likija na namba ileile, mfumo unarudisha jibu la mwanzo na haugusi salio. Nilihangaika nayo wiki tatu, na baada ya hapo hakuna kilichotokea. Nani atakupa nne kwa kitu ambacho hakikutokea?

Baada ya kikao nilikwenda kwa dada wa huduma kwa wateja. Yeye ana jedwali lake la Excel la malalamiko, na waliokatwa mara mbili huwapaka rangi nyekundu. Akalishusha polepole na kipanya. Januari nyekundu tupu. Februari vilevile. Machi madoamadoa. Aprili mstari mmoja.

"Kumbe ni wewe, kaka?" akasema. "Mimi nilidhani mtandao wa simu umetengemaa."

Kuna watakaosema rekodi si ipo kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo? Ipo. Nilifungua kumbukumbu zangu za mwaka mzima nikakuta mamia ya ujumbe: "rekebisho", "rekebisho tena", "sasa kweli", "sasa kweli 2". Git inakumbuka kilichobadilika, haikumbuki nani alikuwa analia. Na zile saa nilizokaa na kijana wa mafunzo kwa vitendo nikimfundisha kusoma makosa kwenye logi, yaani orodha ya matukio ambayo mfumo hujiandikia, hazimo kabisa.

Kuhesabu mistari ya msimbo ndiyo usiniambie. Mwaka 1982 mameneja wa Apple waliwataka wahandisi wa kompyuta ya Lisa wajaze kila wiki idadi ya mistari waliyoandika. Mmoja wao, Bill Atkinson, alikuwa ametoka kuandika upya sehemu ya QuickDraw, programu ya kuchora picha kwenye skrini, ikawa na kasi zaidi na fupi kwa mistari kama elfu mbili. Akajaza -2000. Hazikupita wiki nyingi wakaacha kumpelekea ile fomu.

Siku hizi nina kaunta buku mezani. Ijumaa saa kumi jioni, kabla ya kufunga kompyuta, naandika mistari miwili mitatu kwa lugha ambayo mhasibu angeielewa. Mfano wa kweli: "Ripoti ya kulinganisha hesabu zetu na za benki ilikuwa inamla mhasibu asubuhi nzima. Sasa inatoka kabla hajamaliza chai." Kuna Ijumaa naandika "hakuna", na kuna mwezi mmoja mzima niliusahau. Makosa yangu pia yamo. Nikiyaandika mimi yanakuja na chanzo chake na dawa niliyoyapatia. Nikimwachia bosi, utabaki ule usiku wa Novemba peke yake.

Bado naona aibu kidogo kujaza ile fomu, sitadanganya. Mwaka uliofuata nilijipa nne na mkono ulikuwa mzito. Bosi akaniuliza, "Mbona nne?" Nikamsogezea ukurasa mmoja niliouchuja kutoka kwenye daftari, na juu kabisa nilikuwa nimeweka picha ya lile jedwali jekundu linalopauka. Akausoma kimya, akarudi juu, akausoma tena. Kisha akatoa simu yake na kuupiga picha.

"Kesho nina kikao na wakubwa cha kupanga nyongeza za mishahara," akasema. "Mwaka jana walivyoniuliza kuhusu wewe, sikuwa na la kusema."