Masimulizi ya Mbuyu Yana Nafasi katika Elimu ya Mimea

Vitabu vingi huanza historia ya mbuyu kwa Michel Adanson, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa aliyefika Senegal mwaka 1749, ambaye jina lake Carl Linnaeus alilitumia kuupa mti huo jina la kisayansi, Adansonia digitata. Heshima hiyo alistahili. Ninachopinga ni mazoea ya kuyatupa masimulizi ya wazee wa Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, katika kapu la ushirikina, ilhali Adanson mwenyewe aliyajua matumizi ya mbuyu, ukiwemo unga wa majani yake unaotiwa katika chakula, kwa kuelezwa na wenyeji.

Wazee husimulia kwamba mbuyu ulipandwa kichwa chini, na kwamba ndani yake hukaa mizimu. Simulizi la kwanza limetoka kwa watu walioutazama mti huu kiangazi baada ya kiangazi, majani yakiwa yamepukutika na matawi yakibaki kama mizizi. La pili nalo nalielewa, kwa kuwa maua ya mbuyu hufunguka giza linapoingia na kutembelewa na popo, na shina lake huwa na uwazi mkubwa kwa ndani, hivyo anayepita chini yake usiku husikia mengi asiyoyaona. Hofu hiyo, pamoja na faida ya ubuyu, mboga ya majani, kamba za magome na matawi ya kutundikia mizinga, ndiyo iliyomfanya mkulima wa mtama afyeke pori lote na kuuacha mbuyu umesimama katikati ya shamba.

Wataalamu nao hukosea. Adanson alikadiria kwamba baadhi ya mibuyu ilikuwa na zaidi ya miaka 5,000, lakini vipimo vya kaboni vya siku hizi havijapata hata mmoja uliofikisha miaka 3,000. Mzee anayesema tu kwamba mti ulikuwepo kabla ya babu wa babu yake amejizuia kuliko Adanson.

Michoro ya miambani ya Kondoa, mkoani Dodoma, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na miongoni mwa sababu zilizozingatiwa ni kwamba baadhi ya mapango yake bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko. Ikiwa tambiko linaupa mwamba thamani, sioni kwa nini lisiupe mti thamani hiyo hiyo.

Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na mashamba ya pembezoni yanazidi kugeuzwa viwanja. Naomba kabla ya kupimwa kwa kila eneo, mibuyu mikubwa iandikwe kwenye ramani pamoja na masimulizi yake kama wazee wa hapo wanavyoyaeleza, na barabara ichorwe kuuzunguka mti, hata kama kiwanja kimoja au viwili vitapungua.