Nionyeshe namba iliyoingia

Saa kumi jioni ukiongeza saa tano hufiki saa kumi na tano. Unafika saa tatu usiku. Mizunguko imetupwa, kimebaki mahali mshale uliposimama. Kundi la duara ndilo hilo: namba zikijumlishwa, sehemu nzima inafutwa, desimali zinabaki.

Sasa chagua mfuatano wa namba kamili, tuseme 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Chukua pointi moja ya duara, uizidishe kwa kila namba ya mfuatano, utazame kama majibu yanazidi kusogelea sifuri. Pointi zote zenye tabia hiyo ni kundi dogo ndani ya duara, maana ukijumlisha mbili, jumla yake nayo inasogea. Mfuatano huu lakini ni mlinzi mkali. Ukiwa karibu na sifuri bila kuwa sifuri yenyewe, kila hatua inakusukuma mbali maradufu, mpaka unatoka. Wanaopita ni sehemu zenye asili ya 2, 4, 8 na wenzao, basi. Mfuatano wa faktoriali, 1, 2, 6, 24 (n! ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi n), una ukarimu zaidi: hata e, ile namba 2.718…, inapita, kwa sababu n! mara e huacha baki dogo kuliko 1/n.

Mwaka 2001 wanahisabati Bíró, Deshouillers na Sós walithibitisha kwamba kundi dogo lolote la duara linaloweza kuhesabika, yaani ambalo pointi zake zinaweza kuorodheshwa moja baada ya nyingine, lina mfuatano wake unaopitisha pointi hizo tu. Matokeo mazuri kweli kweli.

Halafu kuna wanaolegeza masharti. Steinhaus na Fast, wote mwaka 1951, walipendekeza kukaribia kitakwimu: watoro, yaani hatua ambazo jibu liko mbali na sifuri, wanaruhusiwa, hata bila mwisho, mradi sehemu yao kati ya hatua N za kwanza ipungue kuelekea sifuri. Mwaka 2020 Dikranjan, Das na Bose wakaupeleka mtazamo huo kwenye duara. Nilipousikia nilikunja uso. Nimechoka na makala zinazobadilisha neno moja la fasili, zikanakili uthibitisho wa jana na kuuita mpya. Kwa hiyo nina swali moja tu kwa kila anayelegeza: nionyeshe namba iliyoingia ambayo jana ilikuwa nje.

Hapa ipo, na unaweza kuiandika kwa mkono. Tumia mfumo wa namba wa msingi wa 2, ambamo nafasi ya kwanza baada ya nukta ni nusu, ya pili robo, na kuendelea. Andika 0 na nukta, kisha tarakimu za 0 na 1 tu, ukiweka 1 kwenye nafasi ya 1, 4, 9, 16, 25, yaani namba za mraba, na 0 kwingine kote. Kuzidisha kwa 2 ni kusogeza nukta hatua moja kulia. Mara nyingi mbele yako kuna sifuri tupu, kwa hiyo uko jirani na sifuri; ukikaribia mraba unaruka mbali, kisha unarudi. Katika hatua 1,000,000, zinazokuweka mbali kwa 1/8 au zaidi hazizidi 3,000. Mlinzi wa zamani angeifukuza. Wa sasa anaipitisha, na si peke yake: futa 1 zozote utakazo kati ya hizo, namba inayobaki nayo inapita. Kundi lililokuwa linahesabika sasa halihesabiki. (Kipimo chake, yaani urefu linaochukua kwenye duara, bado ni sifuri; hilo linatokana na kazi ya Weyl ya 1916.)

Baadaye wakaja wa kugawanya idadi ya watoro si kwa N bali kwa N yenye kipeo α, kati ya 0 na 1. Hapo nilijiandaa kucheka. Lakini swali langu lilijibiwa tena. Watoro wa namba yetu ya miraba wanakua kama kipeuo cha pili cha N, kwa hiyo α ikiwa 1/2 inafungiwa nje, ikizidi hapo kidogo tu inaingia. Nafasi za 1, 8, 27, 64 zinapita hata kwenye 1/2, na hukwama tu α ikishuka hadi 1/3. Basi makala yao niliisoma mpaka mwisho.