Haikuwa laki moja, ilikuwa elfu sitini

Kwanza nimsahihishe mpiga kinanda wetu, maana najua wengi mmeshaipata kwake ile klipu ya sala yangu ya mavuno. Anasema mzee mmoja wa kanisani alifika dau la laki moja. Uongo. Mzee aliishia elfu sitini na stakabadhi ipo. Anasema tena kwamba nilitamka "imekwenda." Sikutamka hivyo. Nilisema "umekwenda," kwa sababu kilichokuwa kinauzwa ni msamaha. Hata nikiwa nazama mbele ya usharika mzima, ngeli zangu zilikuwa sawa, na hilo naomba lisemwe popote klipu inapopita.

Haya. Kwa wasionijua, mimi ndiye dalali wa mavuno wa usharika wetu wa Kilutheri huku Kimara. Wenzetu wa madhehebu mengine niwaeleze kidogo: Sikukuu ya Mavuno kila mtu analeta madhabahuni alichojaliwa. Kijijini ni mahindi, maharage, mikungu ya ndizi. Sisi wa Dar, ambao shamba letu ni duka la jumla, tunaleta mchele, kreti za soda, sabuni za miche, trei za mayai, na kuku waliofungwa miguu ambao huwa wanachangia mawazo katikati ya mahubiri. Ibada ikiisha, vyote vinanadiwa nje chini ya turubai. Hapo ndipo ninapoitwa mimi. Trei moja la mayai nalipandisha mpaka elfu hamsini, aliyelinunua analirudisha mnadani kwa ajili ya Bwana, naliuza tena, na jioni mayai yaleyale yamelipiwa na watu watatu na yanakaangwa kwa mchungaji.

Mnaona kama raha, eti? Jaribuni nyie. Hakuna mtu aliyewahi kulia kwenye mnada wangu. Wanacheka, wanatoa hela, wananiita "Dalali, Dalali," wanabeba mchele wao wanaondoka. Wakati huohuo kuna mwenzangu wa jumuiya moja, tumwite Baba Maombi, ambaye akisema neno moja tu, "Baba..." halafu akanyamaza, kina mama wameshafungua pochi kutafuta vitambaa. Hajaomba kitu bado! Ametaja tu anayemwomba! Ana sauti ya chini, imekwaruzwa kidogo, na kila kitu anakipanga tatutatu: ulitulinda jana, unatulinda leo, utatulinda kesho. Nimekaa nyuma yake miaka, nakunja karatasi za bei mfukoni, namwonea wivu mtakatifu. Wivu tu, huo utakatifu nimeongeza mimi.

Nikafika mahali pa kufungua Biblia kujitafuta. Orodha za karama nimezipitia zote: Warumi 12, Wakorintho wa kwanza 12, Waefeso 4, Petro wa kwanza 4. Mitume wapo, manabii wapo, walimu, wachungaji, waponyaji, wenye lugha. Dalali hayumo. Na barua ile ilikwenda Korintho, mji wa bandari mbili, watu wa biashara tupu! Paulo hakukutana na dalali hata mmoja pale?

Basi nikaenda kwa mwinjilisti. Nikamwambia, "Mwinjilisti, mwaka huu mnada apewe mtu mwingine. Mimi Mungu ananielekeza kwenye maombi."

Akanitazama. "Amekuelekeza lini? Maana ratiba imeshachapwa."

Lakini nilimbembeleza, na kubembeleza ndiyo kazi niliyokuwa naikimbia, kwa hiyo akakubali. Sala ya kuweka wakfu mavuno nikapewa mimi. Mnada akapewa kijana mmoja anayefanya kazi benki.

Mazoezi nilifanyia bafuni, kwa ajili ya mwangwi. Siku moja mke wangu akagonga mlango: "Baba watoto, tumbo tena?"

Jumapili ikafika. Sasa hapa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo klipu inapoanzia na mpiga kinanda amekata sehemu yangu nzuri.

Meza ya mavuno iko mbele ya madhabahu, imejaa. Nimevaa shati jeupe. Mchungaji ananipa kipaza sauti kipya, ambacho, mtaona jinsi Mungu alivyo na utani, kilinunuliwa kwa hela ya mnada wangu wa mwaka jana. Nikasema, "Tuinamishe vichwa." Vichwa vikainama. Kwenye benchi la pili yupo mzee mmoja, mteja wangu mkubwa kuliko wote, yeye kichwa kilikuwa kimeshainama tangu somo la Agano la Kale.

Nikashusha sauti. "Baba..." Nikanyamaza.

Kimya kikaja, jamani! Kikaja kweli! Mama mmoja upande wa kushoto akavuta kamasi. Mpiga kinanda akaanza kunipigia wimbo wa taratibu kwa chini. Mwili ukanisisimka mpaka kwenye kucha. Nikaendelea: "Umetupa mvua. Umetupa jua. Umetupa udongo." Tatu hizo. Nyuma mtu akasema, "Eeeh, Bwana." Hiyo "eeeh" sijawahi kupewa mimi katika maisha yangu.

Kosa langu lilikuwa macho. Baba Maombi huwa anafumba. Mimi yangu yalikuwa wazi, na chini ya meza kulikuwa na jogoo. Mwekundu, wa kienyeji, miguu ya njano, kifua kipana. Sikukusudia kumtazama. Macho ya dalali hayaombi ruhusa: nilipomwona tu, nikamkadiria thelathini na tano, akiwa mikononi mwangu arobaini. Niliporudi kwenye sala, mpango wote umepeperuka. Nilikuwa nimepanga mavuno, viongozi, wagonjwa, yatima, halafu msamaha. Viongozi na wagonjwa sikuwaona tena, nikatua moja kwa moja kwenye msamaha. Nilipoona nimepotea, nikang'ang'ania tatutatu za mwenzangu.

"Bwana, tulipokukosea, ulitusamehe. Ulitusamehe mara ya kwanza..."

Mkono wangu wa kulia ukapanda.

Sikuupandisha mimi. Mkono huo haujawahi kusikia maneno "mara ya kwanza" ukabaki umekaa. Nikauona uko juu, nikasema moyoni, labda watadhani ni Roho.

"...ukatusamehe mara ya piliii..."

Hiyo "piliii" ndugu zangu niliivuta. Mnada wowote ukifika mara ya pili lazima uvute, ndipo wenye mikono mizito wanapolegea. Nilijisikia kabisa naivuta na sikuweza kuikata. Sauti ya chini iliyokwaruzwa ikanikimbia, ikarudi ile yangu ya puani, ya chini ya turubai. Mama mmoja wa sauti ya pili akainua kichwa. Kinanda kikanyamaza, na sasa najua kwa nini: mwenyewe alikuwa anatafuta simu.

Mzee akaamka.

Yaani tuseme ameamka mkono tu, kwa sababu macho bado yalikuwa yamefumba. Mkono ukanyooka juu, na sauti ikatoka kama ya kijana: "SITINI!"

Hapa mtu mwenye akili angesema "Amina" akashuka. Muda ulikuwepo. Nimeirudia hii klipu, muda ulikuwepo mwingi tu. Lakini nyie mnajua maana ya dalali kusikia dau la kwanza linaanzia sitini? Nikasema, kwenye kipaza sauti kipya, hadi bodaboda wa kituoni wakasikia: "Sitini kwa mzee hapo mbele! Nani anaongeza?"

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Watu mia kadhaa wamefungua macho, na hakuna aliyeongeza.

"Msamaha mara ya tatu... UMEKWENDAAA!"

Na kofi juu ya meza. Trei la mayai likaruka. Jogoo akawika. Katika ukimya uliofuata, mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili akasema kwa sauti kubwa na safi, "Amina!"

Kwaya kuu ndiyo ilianza kucheka, besi kwanza. Ikahamia kwa vijana, ikapita kwa wazee wa kanisa waliokuwa wanajitahidi. Mchungaji alitugeuzia mgongo akaelekea madhabahu, mabega yanatikisika. Baadhi ya washarika wanasema alikuwa analia. Kama ni kweli, basi rekodi iandike kwamba na mimi nimewahi kumliza mtu kwa sala.

Yaliyofuata sitayakalia. Ibada iliisha. Mzee akalipa, maana ni mtu wa neno lake, na mtunza hazina akaniita pembeni kuniuliza aandike nini kwenye stakabadhi. Tukakubaliana "matoleo mengineyo." Kijana wa benki akanadi: alisoma bei, akauliza kama kuna maswali, akamuuza jogoo yule kwa elfu ishirini. Ishirini! Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe, mikono nimeibana kwapani, mke wangu ameniwekea mkono begani siyo kwa kunifariji, kwa kunizuia.

Mchungaji naye akaniita ofisini. Hakufoka. Aliuliza swali moja, lile la darasa la kipaimara: tarehe 31 Oktoba 1517, pale Wittenberg, Martin Luther alitoa hoja 95 kupinga nini hasa? Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anapinga vyeti vya msamaha, vile alivyokuwa anazunguka navyo Johann Tetzel, watu wakilipa fedha. "Vizuri," akasema. "Zaidi ya miaka mia tano Walutheri tumejizuia. Umekuja wewe." Vijana wamelidaka. Jina la Dalali limeisha, sasa hivi naitwa Tetzel.

Baba Maombi alinifuata kwenye maegesho. Nilidhani anakuja kunipa pole za kiroho, kumbe ana malalamiko. "Ndugu yangu, mwaka juzi niliombea bati za kanisa. Watu walilia?"

"Walilia sana."

"Wakaleta bati?"

Nikanyamaza.

"Ukaja wewe na kuku wako, bati zikapatikana. Leo umeniachia yule kijana, na bado hatujapiga dari. Unataka mimi niliombe dari mpaka lini?" Alikuwa amekasirika kweli. Mama mchungaji yeye alinitumia tu "1 Kor 12:17" bila hata salamu. Nimeifungua. "Kama mwili wote ukiwa jicho, ku wapi kusikia?" Nadhani ni kuhusu macho yangu na yule jogoo, ila sijauliza.

Kilichonitoa ndani leo ni simu ya mzee. Yeye alilala tena jogoo alipomaliza kuwika, hakusikia kicheko wala hakuelezwa. Anachojua ni kwamba alisikia sauti yangu, akataja dau, akashinda, akamsikia jogoo akiwika, akalipa. "Mwanangu, wajukuu wamefika. Jogoo wangu ananiletea nani?" Ningemjibu nini? Nimwambie, shikamoo mzee, ulinunua msamaha?

Kwa hiyo hapa ninapoandika nipo Shekilango kwenye kuku, natafuta mwekundu mwenye miguu ya njano. Wamenitajia arobaini na tano, huyu muuzaji ananitazama usoni kabisa na kusema bei haipungui. Ananiambia mimi! Subirini kwanza.