Waliobeba Risasi Hawakupigwa Picha

Kila Aprili 7 Msumbiji huadhimisha Siku ya Mwanamke, na kila mwaka picha za aina moja huzunguka kwenye simu: binti aliyevaa sare za msituni, bunduki begani, pengine na mtoto mgongoni. Ni picha nzuri, siikatai. Ila imetukaa vichwani mpaka tunaona kama mwanamke aliingia vitani siku alipokabidhiwa bunduki.

Tarehe yenyewe ni ya kifo cha Josina Machel, mpigania uhuru wa Msumbiji. Alizaliwa Vilanculos, mkoani Inhambane, mwaka 1945, akafia Dar es Salaam mwaka 1971 akiwa na miaka 25 tu. Alikuwa mmoja wa wanawake wa mwanzo kupata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, kusini mwa Tanzania, pale FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilipounda Kikosi cha Wanawake mwaka 1967. Lakini ukifuatilia maisha yake utakuta sehemu kubwa ya kazi aliyoacha ni ya watoto: yatima wa vita, malezi yao, shule zao, kituo chao kule Tunduru. Hata yeye, basi, bunduki ilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake.

Vita ya uhuru dhidi ya Wareno ilianza Septemba 25, 1964. Kufika 1967 ilikuwa na miaka mitatu, na chakula na risasi zilikuwa zinafika. Nani alizifikisha? Silaha zilipita Tanzania, zikafika kusini, zikavushwa Mto Ruvuma. Ng'ambo ya pili hapakuwa na lori la kuzisubiri, maana ndege za Wareno zilikuwa juu. Kilichobaki ni vichwa na miguu ya watu, na wengi wa watu hao walikuwa wanawake wa vijijini wa Cabo Delgado na Niassa.

Aliyewahi kubeba ndoo ya maji mwendo mrefu anaujua mzigo wa kichwani: unaanza mwepesi, ukifika mlimani unashuka shingoni, kisha kiunoni. Sasa weka sanduku la risasi mahali pa ndoo. Ngata ni kipande cha kitambaa kilichosokotwa, njia ni ya porini, siku ni nyingi, na mtoto anayenyonya hawezi kuachwa nyumbani. Wakishusha mzigo hawarudi mikono mitupu. Walirudi Tanzania na korosho, karanga na ufuta vya kuuzwa, ili vijiji vilivyokombolewa vipate nguo, sabuni na chumvi. Hiyo ni idara nzima ya ugavi, na ilitembea bila mshahara.

Kuna jambo moja hunichekesha, ingawa si la kucheka. Wazo la kuwapa wanawake mafunzo ya kijeshi lilipoletwa, wapo wakubwa ndani ya FRELIMO waliokunja uso. Lázaro Nkavandame, aliyeongoza Cabo Delgado kabla ya kuhamia upande wa Wareno mwaka 1969, anatajwa miongoni mwao. Mwanamke na bunduki, wapi na wapi! Lakini kubeba risasi za bunduki hiyo hiyo hakukumtia mtu wasiwasi. Na wale mabinti walipohitimu Nachingwea, mzigo haukuhamia kwenye kichwa cha mwanamume. Kikosi cha Wanawake kilipigana, na pia kikabeba, kikauguza majeruhi, kikalea yatima na kupita vijijini kuhamasisha watu. Walipata kazi ya pili, ya kwanza ikabaki pale pale.

Tunapenda kusema walijitolea. Wengi ndiyo, kwa moyo wao. Lakini mama ambaye shamba lake liko katikati ya vita, mwanawe yuko msituni, na Wareno wanataka kumhamishia kwenye kijiji chenye uzio, ana nafasi gani ya kukataa? Naamini wapo waliobeba kwa imani, na wapo waliobeba kwa sababu jirani amebeba na itaonekana vibaya wao wakibaki. Wote mzigo wao ulifika. Sioni sababu ya kuwapamba ndipo tuwaheshimu.

Mkoa ule ule wa Cabo Delgado umerudi vitani tangu Oktoba 2017, safari hii kwa mashambulizi yaliyoanzia Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 mashua zilizojaa watu zilikuwa zikitia nanga ufukweni Paquitequete, mjini Pemba, na wengi wa waliokimbia hawakuishia kambini. Walipokelewa na ndugu, jamaa, hata watu wasiowajua. Wenye nyumba wenyewe hali zao ni duni. Mashirika huhesabu mahema na magunia. Mama aliyeongeza maji kwenye mchuzi ili watu sita wawe kumi na wanane haingii kwenye ripoti, kama vile sufuria lilijipika lenyewe.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1967 sasa anakaribia 80. Wengine wako upande wetu huu wa Tanzania, maana wakimbizi walipokelewa Rutamba, Newala, Mtwara, na si wote waliorudi baada ya uhuru wa 1975. Vijana wa kusini wenye simu za kurekodi, kaeni na hao bibi mwaka huu. Msianze na kama waliwahi kumwona Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Waulizeni walibeba nini, walilala wapi njiani, nani alibaki na watoto, na shamba msimu ule lililimwa na nani.