Kwa Taarifa Yenu, Sikuvaa Kiti

Wanangu, najua voisi ya namba 6 wa timu yetu, anayesema eti nimevaa kiti chooni, imeshawafikia. Imefika hadi kwa shangazi yangu Tanga, kanipigia leo asubuhi kunipa pole ya "kuvaa kiti". Basi nisikilizeni na mimi mwenye makalio.

Mnakumbuka ile bonanza niliyogeuka kumtukana beki aliyenipiga teke kisiginoni, kumbe nyuma yangu hakuna mtu? Kano ya kisigino, ile inayounga shavu la mguu na kisigino, ndiyo ilikuwa imekatika. Wakaishona, wakanifunga P.O.P. (plasta ngumu ya hospitali) vidole vikitazama chini, kama nimevaa mchuchumio mguu mmoja. Si urembo. Mguu ukikaa hivyo, ncha mbili za kano zinakaribiana na uzi haulemewi. Ukikunja kifundo kuelekea juu mapema, kano inaweza kupona ikiwa ndefu, na kano ndefu haisukumi. Kutembea utatembea, ila kusimamia vidole vya mguu huo utahangaika.

Sasa choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa ndiko kunakokunja kifundo hasa, na mimi nimeambiwa mguu usikanyage chini wiki 2. (Wenye vyoo vya kukaa msicheke, Mungu anawaona.) Namba 6 akaja na kiti cha plastiki, akapasha kisu kwenye mkaa, akatoboa tundu katikati. Kilinibeba vizuri tu. Kosa nimelijua baadaye: chini ya kikalio kuna mbavu za plastiki zinazoshikilia miguu isitanuke, na yeye alizikata zote. Kiti kikabaki kusimama kwa mazoea.

Siku ya 12, saa 1 asubuhi. Mpangaji mwenzangu ametoka kuoga, vigae vina sabuni. Naingia na magongo yangu, najiweka.

"Kri."

Nikajua mlango.

"Kriii."

Mguu wa nyuma wa kushoto unateleza taratibu, kama mgeni anayeondoka msibani bila kuaga. Wa kulia unaufuata. Nateremka. Mwili wote unataka kukanyaga mguu mbovu ili nijizuie, na hivyo ndivyo kano iliyoshonwa inavyokatika tena. Mfiziotherapia alishanionya: ukianguka, tupa magongo pembeni usiyaangukie, mguu ulioshonwa ubaki hewani, tua kwa kalio la upande mzima. Nikatii! Magongo nikayarusha, moja likapiga ndoo. Mguu nikauinua kama antena. Ila kalio la upande mzima lilikuwa limeshapita kwenye tundu, na la pili likamfuata ndugu yake.

Kiti kimelala sakafuni, miguu minne imetawanyika, mimi nimekunjika katikati, magoti yanaangalia kidevu. Kila nikijinyanyua, kiti nacho kinanyanyuka. Huko si kuvaa. Ni kunaswa. Na nilikuwa na fulana, hilo tu ndilo nitakalosema kuhusu mavazi.

Nikaita kwa sauti ya kiume. Halafu kwa sauti nyingine. Namba 6 akasukuma komeo, akacheka mpaka akakaa chini, mama mwenye nyumba akapitisha chupa ya mafuta ya alizeti huku kaangalia pembeni, mafuta yakashindwa, akaitwa fundi mageti na msumeno wake. Hospitali wakafungua P.O.P., nikalala kifudifudi, wayo unaning'inia nje ya kitanda. Daktari anaminya shavu la mguu: wayo ukijisukuma wenyewe kuelekea chini, kano imeshika, ukitulia tuli, imekwenda. Akaminya. Ukaruka! Nilitaka kumbusu. Nesi akauliza ile alama ya duara huku juu ni ya nini, nikamwambia aandike "ajali".

Nyuzi zinatolewa keshokutwa, kisha navaa buti lenye kabari 3 chini ya kisigino, zitakuwa zinatolewa moja moja. Mpira msiniulize kabla ya miezi 9. Kiti kipya kachomelea yule yule fundi, cha nondo, miguu kaivisha raba za tairi, na raba za magongo yangu nimebadilisha maana zilishakuwa laini kama kisigino cha mtoto.

Namba 6 hajawaambia kwamba kile kiti alikichukua barazani bila kuomba. Ni cha mama mwenye nyumba. Anadai 15,000, na mafuta ya alizeti juu.